Mtoto Asiyetulia

Mwezi uliopita nilikaa nje ya boma la Newala nikingoja shauri langu, nikamwona mpiga picha kutoka Lindi akisimamisha sanduku lake la miguu mitatu. Picha zake hutengenezwa kadi za kuuzwa pwani na Ulaya. Mbele yake alisimama mama amempakata mwanawe, mifupa mitupu. Tangu askari wachome maghala wakati wa Maji Maji, huku juu hakuna chakula.

"Asitikisike, mama," alisema mpiga picha. "Picha iliyotikisika tajiri wangu huirudisha. Ikitoka safi nitakupa unga."

Mtoto akakohoa. Wakajaribu tena, akakohoa tena. Mpiga picha akafunga sanduku.

"Njoo kesho."

"Baba, nina wengine nyumbani."

"Kesho, mama."

Asubuhi nilirudi kwa shauri lilelile. Mama alikwisha fika, amempakata mtoto vilevile.

"Leo hatikisiki," alisema. "Piga."

Mpiga picha akainama kumtazama mtoto, akarudi nyuma upesi. Akachukua mfuko wa unga, akaumimina wote katika pindo la kaniki ya yule mama.

"Nenda ukamzike, mama."

Mama hakuondoka. "Nipigie kwanza. Nisije nikaisahau sura yake."

Akampigia. Picha ilikwenda Lindi pamoja na nyingine, na nasikia tajiri hakuiona kasoro. Msomaji utakayeikuta dukani huenda ukausifu utulivu wa mtoto. Mama yake hajaletewa ya kwake mpaka leo.