Peter Njeru Watatu na Seva Moja ya Barua Pepe

Siku yangu ya kwanza kazini nilifika mapema mno, nikamkuta askari wa lango bado anafagia. Ilikuwa hospitali ya misheni hapa Embu, yenye zahanati Kanja na nyingine Kiambere, karibu na bwawa. Mkataba wangu wa miaka miwili umeisha wiki hii, na Mkuu wa Kompyuta ameniomba niwaandikie ninyi mnaoanza.

"Kawira," Mkuu aliniambia asubuhi ile, "nataka seva yetu wenyewe ya barua pepe. Ijumaa majibu ya maabara yaanze kupita humo."

Nilikuwa kwenye miezi ya majaribio. Ijumaa ikipita bure, nilijiambia, nitarudi Maua nimwambie mama kwamba digrii imenishinda.

Seva ya barua pepe huunganishwa na saraka, yaani daftari la kompyuta lenye rekodi ya kila mfanyakazi: jina, idara, nenosiri. Saraka nayo ina sheria zake, huitwa skima. Skima husema rekodi iwe na nafasi zipi za kujazwa, na kila nafasi hupewa jina na namba isiyotumiwa na nyingine. Programu ya kuweka seva huongeza nafasi zake humo. Yangu ilitaka kuongeza nafasi iitwayo "alias", yaani jina la ziada, ikakuta skima inayo tayari, yenye namba tofauti. Ikagoma. Huo ndio mgongano wa skima.

Nilisoma maagizo mara tatu. Ukurasa wa kwanza ulishauri kusafisha saraka kwanza, kuondoa rekodi zilizojirudia. Labda shida ilianzia hapo? Na kama haikuanzia hapo, kusafisha kungedhuru nini? Nikaona Peter Njeru watatu. Nikabakiza mmoja.

Haikupita nusu saa, mtu wa koti jeupe akabisha mlango.

"Wewe ndiye Kawira?"

"Ndiyo, daktari."

"Mimi si daktari, ni wa maabara. Peter Njeru. Kompyuta inasema sipo."

Akavuta kiti.

"Tuko watatu. Mimi natoka Kanja. Wa Kiambere ni mtoto wa baba mdogo, sote tumepewa jina la babu. Yule mrefu wa stoo si wa kwetu, lakini naye alikuwa na babu."

"Nilidhani mmejirudia."

"Tumejirudia, ndiyo. Lakini kila mtu anakula kwake." Akatazama saa. "Kuna wagonjwa kwenye benchi wanangoja majibu. Niwaambie nimefutwa?"

Aibu yangu ilikuwa kubwa kwa sababu mimi mwenyewe nimepewa jina la nyanya, na nina binamu wawili wanaoitwa Kawira. Bahati nzuri, woga wangu ulikuwa umenifanya nichukue nakala ya saraka nzima kabla ya kugusa chochote. Nikawarudisha wote wawili. Peter akaenda kwa wagonjwa wake.

Sasa nikataka kujua: kompyuta ilikuwa ikiwatofautishaje? Nikafungua rekodi moja moja. Katika ile "alias" ya zamani palikuwa na maneno: "wa Kanja", "wa Kiambere", "mrefu".

Nikampigia simu fundi aliyenitangulia, mzee aliyestaafu na sasa analima ndengu Ishiara.

"Niliiweka mimi," alisema. "Namba nilijitungia. Nani angeniuliza?"

"Niifute, Mzee?"

"Ukiifuta, majibu ya wa Kanja yatamfikia wa stoo. Ihamishe."

Mkuu hakupenda. "Futa hiyo ya zamani tusonge. Leo ni Jumatano."

"Nipe kesho, Bwana Mkuu," nilisema. "Nikikosea, mgonjwa ndiye atakayeumia."

Akasema, "Kesho tu."

Nilifanyia majaribio kwenye nakala kwanza. Nikatengeneza nafasi mpya kwa jina lingine na namba halali, nikanakili humo maneno yote ya zamani, nikahesabu rekodi, nikahesabu tena. Ndipo nikaiondoa ile nafasi ya kale na kuweka seva. Ijumaa saa nne Peter wa Kanja alinitumia barua ya kwanza: "Nipo."

Baadaye nilipelekwa hospitali dada ya Meru kwa kazi hiyohiyo. Msimamizi wa huko, mama mkali wa miwani, aliniuliza nitaanza na nini. Nikasema nitaanza na chai pamoja na wafanyakazi, nijue nani ni nani. Alicheka, lakini akaagiza chai.

Leo nimefungua saraka kufunga akaunti yangu. Tunafunga, hatufuti. Mwaka jana aliajiriwa Kawira mwingine, wa chumba cha kufulia, na Peter wa Kanja, anayetujua sote wawili, aliombwa atutofautishe. Sikuwa nimewahi kuangalia alichoandika kwangu. Kwenye nafasi ile niliyoihamisha pameandikwa: "anayeuliza kwanza".

Nimeiacha hivyo.