Chini ya Tangazo la Wifi

Mama Sponji alikuwa na wivu, na nalisema hilo mwanzoni ili tusizungushane. Wapo waliosema ana uchungu na kazi yake, wapo waliosema kaonewa. Mimi nimetenganishwa naye kwa ukuta wa mbao miaka tisa, nikitoa kopi upande wangu, nikisikia anayoyasema kwa mdomo na anayoyasema kwa nyundo. Ulikuwa wivu mbichi, wa kulala nao na kuamka nao.

Kazi yake ni kufufua makochi. Ukimletea kochi lililobonyea, analipindua miguu juu, anang'oa kitambaa cha chini kwa bisibisi, anaingiza mkono hadi kwapani, halafu anakwambia nyumbani kwako nani hukaa upande gani na nani mzito. Humo ndani ametoa vijiko, pete, hata barua ya mapenzi ambayo aliikabidhi kwa mke badala ya mume, makusudi kabisa. Kisha anakata sponji mpya, anavuta kitambaa mpaka kisiwe na mkunjo hata mmoja, na stapla inaanza kulia. Akimaliza analikalia yeye kwanza. Kochi lisipomridhisha analivua upya, mteja asubiri.

Wifi yake, mke wa kaka yake, alikuja kwake hajui hata kushika mkasi. Mama Sponji alimfundisha miaka minne: kupima, kukata, kushona foronya za mito, kuficha zipu. Wifi alikuwa mwepesi wa mikono na mwepesi zaidi wa simu. Siku moja akaaga, akalia kidogo, akaenda kufungua karakana yake. Na aliifungua wapi? Ng'ambo ya barabara, mlango kwa mlango.

"Nenda, Mungu akubariki," Mama Sponji alimwambia, na meno yake hayakuachana.

Tangu hapo salamu ya wifi aliitikia kwa shingo. Wifi akipaka ukuta rangi, Mama Sponji anaona rangi imemchoma macho. Wifi akinunua viatu, vinasemwa wiki nzima. Lakini kilichomwasha moto hasa kilitoka kwenye simu.

Asubuhi moja alikuja dukani kwangu na simu mkononi. "Bwana Kopi, hebu niandikie hapa: fundi wa makochi. Nasikia watu siku hizi wanatafuta mafundi humu."

Nikaandika. Juu kabisa akatokea wifi, na picha ya kochi la buluu.

"Kwa nini yeye?"

"Amelipia. Ona hapa pembeni wameandika Tangazo." Nikamweleza kama ninavyojua. "Anachagua maneno. Anasema, mtu wa maeneo haya akiandika fundi wa makochi, nitokee mimi. Na wengine wanayataka maneno hayohayo, kwa hiyo unapigwa mnada kila mtu anapotafuta, kufumba na kufumbua. Wanaangalia dau la kila mmoja, na pia kama tangazo lake linamfaa mtafutaji."

"Yaani amenunua nafasi mbele yangu. Mimi niliyemwonyesha kushika mkasi!"

"Amenunua nafasi ya juu tu. Na wala halipi kwa kuonekana. Analipa mtu akilibonyeza tangazo. Kila likibonyezwa anakatwa hela. Ameweka na kikomo cha siku. Kikifika, tangazo linapumzika mpaka kesho. Sasa huku chini..."

Hakunisubiri nifike huko chini. Alishanyanyuka. Alikuwa amesikia alichotaka kusikia.

Kuanzia siku hiyo, kabla hajafungua mlango wa karakana, Mama Sponji alisimama kizingitini, akaandika maneno yale matatu, akalibonyeza tangazo la wifi yake. "Moja ya viatu," namsikia akisema. "Moja ya rangi ya ukuta." Kisha anatia simu kwenye aproni na kuingia kazini ametulia. Simu yake ikiisha chaji aliazima yangu, na mimi nilimpa. Sijitakasi.

Baadaye nilisoma kwamba wenye mitandao hiyo si wajinga. Simu ileile ikilibonyeza tangazo lilelile kila siku wanaigundua, na mibonyezo hiyo huitupa, hawamkati mtu kwa ajili yake. Nikamwambia.

"Waongo," alisema. "Kama hakatwi, mbona mimi nasikia raha?"

Raha yenyewe haikudumu, maana kazi zilimpungua. Karakana iliyokuwa haina pa kukanyaga ikabaki na stuli mbili na kiti cha kinyozi. Wakati huohuo ng'ambo watu waliingia na kutoka. Na jambo lililomkata maini zaidi ni kwamba walipita kwake kwanza.

"Umewaona, Bwana Kopi? Wanakanyaga kizingiti changu ndiyo waende kwake! Huo si uchawi?"

Mashine yangu ya kopi ina kelele. Maneno yao na Mama Sponji yalinifikia nusunusu. Nilichoona ni mtu anasimama mlangoni kwake, anaongea kidogo, anavuka barabara.

Ikafika mahali akatangaza kwamba mwisho wa mwezi anauza cherehani yake kubwa na kurudi kushonea nyumbani. Cherehani ile ndiyo aliyoanzia, ya kushona hata turubai. Aliyasema hayo huku anaifuta vumbi. Niliumia kumsikia, kwa sababu fundi kama yule hayupo mwingine, wivu au pasipo wivu.

Siku tatu baada ya hapo umeme ulikatika mchana. Mashine yangu ikanyamaza, na kwa mara ya kwanza nikasikia mazungumzo mazima.

Mwanamume mmoja, msimamizi wa ukumbi wa mikutano, alisimama mlangoni kwa Mama Sponji. "Shikamoo mama. Nimekuona kwenye simu. Nina viti themanini, vyote vimechanika."

"Marahaba. Kwenye simu?" Sauti yake ilikuwa tamu kama dawa iliyotiwa sukari. "Umekosea mlango, baba. Wa kwenye simu ni yule pale ng'ambo. Mimi ni wa nyundo."

"Lakini ramani imenileta hapa."

"Ramani nayo amelipia. Nenda, mwanangu, nenda, usimcheleweshe."

Akavuka. Mimi nilibaki nimeshika karatasi. Nikatoa simu, nikaandika fundi wa makochi, nikaliona tangazo la wifi, na nikafanya kitu ambacho Mama Sponji hakuwahi kukifanya hata siku moja katika asubuhi zote zile. Nikashusha kidole nikaenda chini.

Mara moja chini ya tangazo, wa kwanza kati ya wasiolipia, alikuwepo yeye. Picha yake, nyundo mkononi, pini mdomoni, uso wa kufokea. Nyota karibu tano. Watu wengi wameandika habari zake, na alama ya ramani imechomekwa juu ya paa letu.

Mwaka mzima alikuwa akiwafukuza wateja wake mwenyewe.

Sijafika mlangoni, nikamwona wifi anavuka barabara mbio, yule msimamizi nyuma yake. Nikarudi ndani. Ukuta wa mbao ulinitosha.

"Wifi," alisema yule mwanamke, anahema. "Leo lazima nikushukuru, hata kama hutaki. Kila wiki watu wananiambia, ametuelekeza yule mama wa ng'ambo. Mimi nilidhani una kinyongo na mimi tangu niondoke. Kumbe unanigawia wateja wako, kimya kimya, wala hujisifu. Nilimwambia kaka yako, akasema huyo si dada yake anayemjua."

Nilisikia Mama Sponji anaweka nyundo chini.

"Hao wengine niliwapokea, nilikuwa naanza, nilikuwa na shida. Lakini viti themanini hapana. Huyu bwana alikuja kwako. Tazama." Nikajua anamwonyesha simu. "Ukurasa huu niliufungua nikiwa hapa kwako. Unakumbuka nilikupiga picha ukanifokea? Ni wa bure. Watu wameandika wenyewe."

Kisha Mama Sponji akaanza kusoma kwa sauti ndogo, neno moja moja. "Kochi la marehemu mama limekuwa kama jipya. Asante... karibu tena... Mama Sponji." Akasita. "Anayewajibu hawa ni nani? Mimi sijaandika."

"Ni mimi. Asubuhi, kabla sijafungua. Wewe mambo ya simu huyapendi, na watu wasipojibiwa wanadhani fundi kafa. Ukiutaka ukurasa wako nakukabidhi hata leo."

"Sasa tangazo la nini, kama una muda wote huo?"

Wifi alicheka. "Ningefanyaje? Wewe una miaka ishirini ya watu. Kwa njia ya bure siwezi kukupita, nimejaribu. Nalipia ili angalau nionekane kabla hawajakufikia."

Nilisubiri Mama Sponji aseme kweli. Naapa nilisubiri. Alikohoa, akasema, "Nilikuwa nakuona una kazi chache, nikasema nikusaidie," na wifi akamkumbatia hapohapo, mbele ya msimamizi wa watu.

Wakagawana viti. Mama Sponji sponji na kuvuta kitambaa, wifi kushona. Cherehani kubwa haikuuzwa.

Jioni hiyo alikuja kwangu, akakaa kwenye stuli ya wateja, akavua aproni akaikunja juu ya magoti.

"Ulisikia?"

"Nilisikia."

"Ungeniambia nishuke chini."

"Uliondoka sijamaliza."

Akatikisa kichwa. Machozi yalimtoka na hakuyafuta. "Naona aibu, Bwana Kopi. Amenishukuru! Kila asubuhi mimi nimesimama pale mlangoni namwombea hasara, na yeye amesimama kule ananijibia watu wangu. Na unajua kibaya zaidi ni nini? Wivu haujatoka. Nilidhani utatoka. Sasa namwonea wivu hata huo wema wake, kwa nini ulimjia yeye na haukunijia mimi."

Nikamsogezea kikombe changu cha chai.

Asubuhi iliyofuata nilimwona kizingitini na simu, kama kawaida. Aliandika maneno yake. Kidole kikasimama juu ya tangazo muda mrefu. Kisha akaingia kwangu, akaniwekea simu mezani.

"Mimi naweza kuandika habari za fundi mwingine? Kama wale walivyoandika zangu?"

"Unaweza. Hata hulipi."

"Basi niandikie kwenye ukurasa wake. Andika: kazi safi, mshono haufumuki." Akafikiri. "Ongeza: nilimfundisha mimi."

Nikaandika. "Nyota ngapi?"

Alitazama ng'ambo ya barabara. Wifi alikuwa anafungua mlango wake, katikati ya ukuta wa rangi ile ya kuchoma macho.

"Nne."

Nikasubiri. Akavaa aproni, akaivua, akaivaa tena.

"Weka tano," alisema. "Weka upesi, Bwana Kopi, kabla sijarudiwa na akili yangu."

Nikaweka. Dakika haikupita, wifi alisimama mlangoni kwake, simu mkononi, anatazama upande wetu. Mama Sponji aliinama chini ya meza yangu haraka, akajifanya anatafuta pini.