Chungu cha Bibi na Jani la Rehema

Harufu ya mawe mabichi ndiyo inayonirudisha Malindi, ile ya milimani Lushoto: mawe ya kando ya kijito, juu ya shamba letu la maharage, yaliyoshinda kivulini mchana kutwa yakiwa yamefunikwa na uoto laini wa kijani. Hapo ndipo lilipoota lile ua dogo la zambarau, majani yake manene yenye manyoya kama sikio la ndama, limejishika mwambani mahali ambapo hata udongo wa kujaza kiganja haupo. Bibi alikuwa nalo upenuni, ndani ya chungu cheusi kilichomeguka mdomo. Wengine walisema ni dawa. Bibi alicheka, akasema yeye halichemshi wala halisagi. Akichoka kulima hulitazama tu, akapona. Mimi, mjukuu pekee aliyelelewa naye, sikuruhusiwa kuligusa, lakini nilijua vizuri nani angekirithi chungu kile.

Mwaka huo, baridi ilipoanza kuuma, akaja Rehema kutoka Amani. Mama yake, shangazi yangu, alikuwa mgonjwa, basi mtoto akaletwa akae kwetu mpaka apone. Tulikuwa na umri mmoja, miaka kumi. Alimwamkia Bibi kwa kupiga goti, kisha akaenda moja kwa moja upenuni. "Bibi, hili ua mnalimwagia maji juu. Majani yataoza. Mama huwa anamwagia pembeni, tena maji ya uvuguvugu." Nilingoja akemewe. Bibi akasema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone," akampa kata ya maji. Mwenyeji mimi sikupona. Tangu siku hiyo Rehema ndiye aliyelala upande wa ukutani, Rehema ndiye aliyeonjeshwa mchuzi, na "Zaina, mwangalie mwenzio" ikawa wimbo wa nyumba. Nilichukia hata alivyopiga chafya.

Isitoshe, alijua kulizalisha ua lile. Hakuhitaji mbegu: alikata jani moja na kikonyo chake, akalichomeka kwenye udongo mweusi wa msituni, akasema baada ya wiki kadhaa jani litazaa watoto. Bibi akanipa na mimi jani langu, akayaweka makopo yetu mawili, sawa kwa sawa, kwenye dirisha la jikoni penye joto. "Ambaye jani lake litazaa," akasema, "chungu hiki nitamwachia. Na subira huvuta heri." Subira ningeitoa wapi? Kila alfajiri, nikidhani Rehema amelala, nilinyata jikoni nikafukua jani langu kuona kama limetoa mizizi, kisha nikalirudisha. Siku moja nilikuta mizizi miwili myembamba kama uzi. Kesho yake nikafukua tena, ikakatika. Hatimaye jani langu likawa jeusi, limelegea. La Rehema lilikuwa limezungukwa na vijani vitatu, kila kimoja kidogo kuliko ukucha.

Ijumaa moja, wote walipokuwa shambani, nilibadilisha makopo. Bibi aliporudi akapiga kigelegele. "Zaina! Kumbe mkono unao!" Akanikumbatia mbele ya Rehema. Rehema akalitazama kopo, akanitazama mimi, kisha akainama kupuliza moto. Shangazi alipopona akaja kumchukua, nami sikumsindikiza hata hadi njia panda.

Siku hizi mawe yale yako juani. Miti imekatwa, kabichi zimeshuka mpaka kijitoni, na ua lile halivumilii jua. Mjini Lushoto nimelikuta likiuzwa katika vyungu vya plastiki, na muuzaji akaniapia kwamba limetoka Ulaya. Bibi alitimiza ahadi yake kabla ya kufariki. Chungu kiko dirishani kwangu, na kila nilichopanda humo kimekufa. Rehema, kule Amani, ana maua hayo kila dirisha, kwenye makopo ya rangi na sufuria zilizotoboka, na nikiyaona moyo huniuma vilevile kama nilipokuwa na miaka kumi. Mwezi uliopita alikuja kunitembelea. Aliniletea jani, amelifunga ndani ya ganda bichi la mgomba. Alilichomeka mwenyewe katika chungu cha Bibi, akapangusa mikono, akaniambia kwa upole, "Safari hii, Zaina, usilifukue."