Sentensi ya Kusema Mbele ya Kamera

Kwa siku nne nilijifunza sentensi moja. Nilijifunzia jikoni kwa dada yangu, hapo Beni, na mwalimu wangu alikuwa mume wake, kapita, yaani msimamizi wa wafanyakazi, wa kiwanda cha kahawa tulichofanyia kazi yeye na mimi. Alishika mwiko badala ya kipaza sauti, akaniwekea karibu na mdomo.

"Haya, shemeji. Kamera iko mbele yako. Sema."

Kampuni ilikuwa inatengenezewa filamu. Waasi walikuwa wameondoka, Wazungu wamerudi, na wenye kampuni kule Ulaya walitaka wanunuzi waone kwamba mashine zinazunguka tena. Walihitaji wafanyakazi wachache wa kuhojiwa. Mimi nilisimamia wanawake wa kuchambua kahawa na nilikuwa nimesoma kwa masista, kwa hiyo shemeji akapeleka jina langu.

Nilikubali kwa ajili ya kaka yangu. Yeye alikuwa fundi wa mashine ya kukoboa. Waasi walipokaribia, alifungua vyuma muhimu vya mashine ile, akavifunga ndani ya gunia na kuvifukia katika migomba ya mama yetu, njia ya Mangina, ili visije vikaharibiwa au kuchukuliwa. Mahali penyewe alimwonyesha shemeji peke yake. Kisha sote tukakimbilia msituni, na huko kaka akaugua. Mji ulipotulia, shemeji alitangulia kurudi, akavifukua vile vyuma, akavipeleka kwa direkta, Mzungu mkuu wa kiwanda. Haikupita muda akafanywa kapita.

Kaka alipopona na kurudi, alikuta amefukuzwa. Katika livret yake, kile kitabu cha kazi ambacho kila mwajiri alikidai kabla ya salamu, walikuwa wameandika kwa wino mwekundu kwamba ni mwizi. Shemeji alituambia kwamba waliandika kabla vyuma havijaonekana, na hakuna aliyekumbuka kufuta. Kaka akaenda Butembo kutengeneza baiskeli za watu kando ya barabara, yeye aliyeijua mashine nzima kwa kuisikiliza tu.

"Direkta ataangalia ile filme," shemeji aliniambia. "Ataona makosa yake, atafuta ile wino. Lakini utaniachia mimi maneno."

Nilitaka kueleza habari yote kwa Kiswahili: gunia, shimo, siku aliyofukia. Shemeji alicheka.

"Bazungu habapendi maneno murefu. Utaanza na migomba ya mama, mbele ufike ku gunia, filme imeisha! Sema mu français, phrase moja: *Mon frère a gardé les pièces*. Basi."

"Na kwamba alibifukia sababu ya waasi?"

"Garder, shemeji. Gardien ya usine anafanyaka nini?"

"Anachunga."

"Voilà. Kaka alichunga biyuma. Unatafuta nini tena?"

Mzee wa langoni tulimwita gardien, wa misheni alikuwa gardien, na kwangu neno lile lilikuwa na maana moja, kulinda.

Siku ya pili tulishughulika na nguo. Nyeupe ingeng'aa mno, kwa hiyo dada aliniazima blauzi yake ya kijani. Siku ya tatu ilikuwa ya mikono, kwa sababu nina tabia ya kujishika shingo. Siku ya nne nilirudia sentensi hata kazini, na wanawake wakanisikia.

"Mama Sinema! Ukifika Ulaya usitusahau!"

"Atatusahau namna gani? Bumbi ya kahawa iko inamujaa mu pua!"

Mahojiano yalichukua muda mfupi kuliko kupiga pasi ile blauzi. Mzungu wa kamera alinisimamisha mbele ya mashine, akaniuliza nani alijua habari ya vile vyuma wakati wa waasi. Nilitoa sentensi yangu. Lori lilipita, akaomba niirudie. Halafu akauliza swali ambalo hatukulifanyia mazoezi: vilikuwa wapi? Nikafurahi kupata nafasi ya kuongeza neno. Nikasema, nyumbani kwetu, kwa mama. Alitikisa kichwa polepole, nami nikadhani ananionea huruma.

Filamu ilirudi kutoka Ulaya baada ya miezi mingi. Walituonyesha Jumapili mchana katika ghala, madirisha yamezibwa kwa magunia. Kaka alikuja kwa lori kutoka Butembo, livret iko mfukoni mwa koti. Alikaa kando yangu.

Nilijiona ukutani, mkubwa kuliko nyumba yetu. Nikasema: kaka yangu a gardé les pièces. Nyumbani kwetu. Papo hapo akatokea shemeji, mkono juu ya mashine kama mtu anayempapasa ng'ombe wake, akasema kwa Kifaransa safi kwamba yeye ndiye aliyekwenda kuvitoa kwa familia ile na kuvirudisha kwa kampuni. Watu wakampigia makofi.

Kaka aliniinamia. "Ulisema vile?"

"Nilisema ulibichunga."

"Hapana. Muzungu akikupa kitu kikuwe chako, anasemaka nini? *Garde ça*. Shika, ni yako." Hakupaza sauti. "Umesema nilijishikia biyuma byao."

Nilimfuata shemeji mlangoni, watu wakiwa bado wanampa mkono. Nilimuuliza kwa nini.

"Shemeji, mimi nimesema uongo gani?" alisema huku akitabasamu kwa ajili ya wale wengine. "Weye ulisema neno lako, mimi nikasema langu. Mbele ya batu tafazali, usipige makelele."

Jumatatu nilichukua livret ya kaka, nikaenda nayo ofisini. Kaka alingoja nje. Nilieleza yote kwa Kiswahili, tangu gunia mpaka shimo, nilivyotaka kueleza tangu mwanzo. Direkta alinisikiliza hadi mwisho, kisha akamwita kapita.

"Huyu mama anabadilisha maneno yake," alimwambia.

Shemeji alitazama sakafu. "Ni damu, monsieur. Analilia kaka yake."

"Lakini nilikuona mwenyewe ukisema," direkta aliniambia, tena kwa upole. "Hakuna aliyekulazimisha."

Nilitoka na kumrudishia kaka livret. Aliitia mfukoni bila kuifungua, akaniuliza lori la Butembo linaondoka saa ngapi.