Nyaya Kifuani mwa Mama

Mama alianza kupata kizunguzungu wakati wa kupura alizeti, kijijini kwetu Mgori. Nikampeleka Singida mjini, kwenye kituo kimoja binafsi chenye mashine ya kupima umeme wa moyo.

Shuka la kitanda lilikuwa na madoa ya manjano. Vikombe vya mpira vinavyobandikwa kifuani vilikuwa na jeli iliyokauka ya mgonjwa aliyetangulia, na ndani ya kimoja nikaona unywele umejikunja. Mama aliuona pia, akageuzia uso ukutani.

"Kaka, hivi havifutwi?" nikamuuliza mpimaji.

"Havina shida, dada." Alikuwa anatafuna karanga. Akavibandika kwa vidole vilevile.

Karatasi ilipotoka akaiangalia kidogo. "Moyo umekufa upande mmoja. Jiandaeni tu." Alisema hivyo mama akiwa bado anafunga vifungo.

Habari zilienea kijijini. Baba mdogo, mdogo wake marehemu baba, akaja kumjulia hali. Alikula kuku wetu akajilamba vidole, halafu akasema, "Shemeji, lile shamba la bondeni tulizungumze sasa, ukiwa bado na kauli."

Nikaondoa sahani mbele yake kabla hajamaliza. Mama alimjibu kwa Kinyaturu, taratibu, kwamba shamba lina mwenyewe na mwenyewe bado anapumua.

Wiki hiyo hiyo nikampeleka hospitali kubwa. Daktari alimsikiliza kwanza, akamfuta kifua kwa pamba, akampima upya. Kisha akaweka karatasi mbili sambamba.

"Huyu wa kwanza alipishanisha nyaya zinazofungwa mikononi. Wa kulia aliuweka kushoto, ndiyo maana michoro ikageuka."

"Kwa hiyo moyo haujafa?"

"Haujafa. Ila mapigo hayaendi sawa, yanarukaruka. Ndiyo yanayomletea kizunguzungu." Akamgeukia mama. "Dawa hii utameza kila siku, hata ukijisikia mzima. Na utarudi tukuangalie."

Mama akauliza kama ataruhusiwa kulima. Akaambiwa alime, ila akichoka apumzike.

Anameza dawa zake na kizunguzungu kimepungua. Baba mdogo bado anatutembelea, na mama humkaribisha kama shemeji yeyote. Mimi humpa shikamoo yake, kwa kuwa ni lazima, kisha natoka nje nikanawe mikono.