Kompyuta ya Baba na Ng'ombe wa Gredi

Wiki jana nilipanda nyumbani Githongo, nikaketi mbele ya kompyuta ya Baba, na kabla sijagusa kitu ikaniletea ujumbe: Windows hii imezeeka, haitalindwa tena, na mashine yenyewe haina nguvu ya kubeba mpya. Nikampigia kaka yangu aliye ughaibuni. "Weka Linux tu," akasema. "Ni ya bure. Ukiiacha hivyo kwa intaneti, wezi wataingia." Rahisi kwake kusema! Baba alikuwa ameketi nyuma yangu. Tangu maradhi yampooze upande wa kulia, kompyuta ile ndiyo kitu pekee anachokitumia bila kumwita mtu. Mkono wake wa kushoto ulichukua mwaka mzima kujifunza kila kitu kiko wapi. Hata kompyuta mpya ya dukani ina sura nyingine.

Nilinaswa, rafiki yangu. Nikajikuta nikiikumbuka siku kompyuta ya kwanza ilipoingia sebule hiyo hiyo.

Nilikuwa darasa la tano. Ilitoka Meru mjini imeviringishwa blanketi kama mgonjwa, ikawekwa kwenye meza ya kona, na Mama akaifunika kitambaa alichokifuma kwa uzi mweupe. Ulikuwa msimu wa kuchuma kahawa. Nyumba nzima ilinuka maganda ya kahawa, moshi, na mukimo uliokuwa ukipondwa jikoni. Sisi watoto hatukuruhusiwa kuisogelea kabla ya kukata nyasi za nepia za ng'ombe na kunawa hadi viwikoni.

Ndani haikuwa na chochote. Baba mdogo, aliyekuwa chuoni Embu, alikuja na CD mbili, moja ya Windows na moja ya Linux, akasema ni lazima tuchague. Basi Baba akaitisha mkutano. Kwetu hakuna anayenunua mtamba kwa macho yake peke yake. Jirani huitwa, wazee wa nyumba huitwa, mnyama anazungukwa, na kila mtu anataja kasoro aliyoiona. Kompyuta nayo ilifanyiwa vivyo hivyo. Jirani yetu, bingwa wa kuchagua ng'ombe, aliizunguka, akaigonga mgongoni, akakosa la kusema.

"Hii Windows ni ng'ombe wa gredi," Baba mdogo akaeleza. "Maziwa ni mengi, lakini inataka kulishwa vizuri na dawa kila saa. Hii ingine ni ya kienyeji. Haigonjekangi."

"Kila kitu kinakulanga kinagonjeka," Nyanya akasema kutoka kwenye kiti chake. "Daktari wake anakaa wapi?"

 Daktari pekee wa Linux alikuwa Baba mdogo mwenyewe, na likizo ilikuwa inaisha. Wa Windows alikuwa fundi wa saiba, duka la kompyuta na intaneti pale sokoni. Jirani akapata la kusema hatimaye: chukua ng'ombe ambaye daktari wake anafika kwa miguu. Mimi nilipenda ile ya Linux kwa sababu ya picha ya pengwini, nikajaribu kusema hivyo. Mama akanitazama mara moja tu, nikatoka nje bila kumaliza.

Windows ikawekwa. Halafu Baba akasikia habari ya virusi vya kompyuta. Mfugaji ni mfugaji. Akaweka karantini, kama ya ugonjwa wa miguu na midomo. Flashi za wageni zilibaki mlangoni. Redio ilihamishwa chumba kingine isije ikaambukizwa. Sisi nasi tulikatazwa kwenda kwa wenzetu waliokuwa na kompyuta, tusije tukarudi na virusi. Jumapili mchana mvua ilipiga mabati, na mimi nikakaa dirishani kama ng'ombe wa zizini, ambaye huletewa kila kitu na haendi popote. Nililia kwa hasira. Niliapa kwamba nikikua nitajiamulia mambo yangu yote.

Nimekua. Mama, Nyanya na jirani wameshatangulia. Saiba ile sasa inauza chipsi, na Baba mdogo haikumbuki hata ile CD. Wiki jana nilifungua Linux kwenye laptopu yangu, nikampa Baba ajaribu. Mkono wa kushoto ukaenda kwenye kona aliyoizoea, ukakuta hakuna kitu. Ukarudi, ukaenda tena.

"Mwari," akaniambia, yaani binti yangu kwa lugha yetu, "mimi hapa nimepotea. Niachie ile yangu."

Ningeweza kumwachia, mradi niikate intaneti. Lakini intaneti ndiyo humletea wajukuu kila Jumapili, watoto wa kaka, wamejaa skrini wakimpungia mikono. Simu ni ndogo kwa macho yake, na mkono mmoja huchoka kuishika. Nikamweleza yote hayo polepole, nikiomba moyoni akasirike, agombe, aniondolee mzigo huu kama zamani. Yeye akafikiri kidogo tu.

"Toa hiyo intaneti," akasema. "Watoto watakuja wenyewe."

Hawajawahi kuja tangu wazaliwe. Yeye anajua, nami najua. Nilikaa pale nikingoja mkubwa yeyote aingie anikataze, hata kwa ukali, hata bila sababu. Katika nyumba ile mkubwa nilikuwa mimi. Nikainama chini ya meza, nikachomoa waya wa intaneti.