Anayekufunga Njuga

Siku ya kwanza kazini sikucheza. Nilitembea. Asubuhi nzima nilitembea kutoka uani kwa Manju mpaka kisimani na kurudi, miguu yote miwili imefungwa njuga, na amri ni kwamba isilie hata moja. Njuga, kwa ninyi mliozaliwa juzi, ni zile kengele ndogo za chuma zinazopangwa kwenye ukanda wa ngozi na kufungwa juu ya kifundo cha mguu. Jaribu kutembea nazo kimya. Unatanguliza kisigino kama mtu anayepita karibu na mtoto aliyelala, unalegeza goti, unashusha unyayo taratibu. Zangu zililia kama mbuzi wa sokoni.

"Rudi," alisema Manju. Alikuwa kwenye kigoda anakula muhogo, wala hanitazami. "Njuga zikilia kabla ya ngoma, umeshamwaga siri. Watu watakuja kuona nini?"

Manju ni mtunga nyimbo na mkuu wa kikundi. Jina lake tulilijua, ila hakuna aliyelitamka. Mimi nilikuwa binti niliyeishia darasa la nne, sijui kazi nyingine ila jembe na mwiko, na kikundi chake ndicho kilichoitwa penye shughuli yoyote Ifakara: harusi, mavuno, mgeni wa serikali. Jua lilipofika utosini nikapita mbele yake kimya. Akaacha kutafuna.

"Haya. Sasa una miguu. Kesho tutatafuta mwili."

Mwili nilikuwa nao, sitaki kuficha. Kiuno changu kilikuwa kinajulikana mpaka Kiberege. Lakini kazi ya ngoma si kiuno peke yake. Tulikuwa na ngoma tatu: mama, yenye sauti ya tumboni, ya kati, na ndogo yenye kelele kama mke mwenza. Ngozi ya ngoma inalala ikipata ubaridi, ikilala inatoa sauti ya mtu mwenye mafua, kwa hiyo lazima ipashwe moto. Tulipasha kwa mabua ya mpunga. Kuni zina hasira, zinaichoma ngozi. Mabua yanawaka haraka yanakufa haraka, unaizungusha ngoma juu yake, unaigonga, unasikiliza. Manju alikuwa anasikiliza akiwa amefumba macho. Akisema "bado," ni bado.

Shida ilikuwa wageni rasmi. Mnaambiwa mgeni anafika saa tatu asubuhi, mnapasha ngoma, mnafunga njuga, mnasimama juani. Saa sita hajaja, ngoma zimekaza mpaka zinataka kupasuka, mnaziingiza kivulini. Saa nane zimelala tena. Saa tisa vumbi linaonekana barabarani, na Afisa Utamaduni anakuja mbio ameshika karatasi.

"Mzee, mgeni kachelewa. Mna dakika tatu tu."

"Dakika tatu ni za kuchemsha yai, mwanangu," Manju alimjibu, "na lenyewe halijaiva."

Tukacheza nusu saa. Mgeni mwenyewe akavua koti akaingia uwanjani. Afisa Utamaduni akabaki anaitazama karatasi yake.

Tulizunguka bonde lote. Kwenda ng'ambo ya mto tulivuka Kivukoni kwa pantoni, kabla ya daraja, na ngoma mama ilipanda kwanza, imefunikwa khanga mbili, imeshikwa na watu wanne kama mama mkwe aliyekuja kutembea. Sisi wachezaji tulipanda mwisho, pamoja na kuku.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe. Sangula, ngoma yetu, kwenye kikundi chetu ilichezwa kwa jozi. Wawili mnatazamana, mnapokezana wimbo, mnapigana vijembe. Mmoja anatoa, mwenzake anajibu, na watu wa nyuma wanaitikia. Manju alikuwa na sheria moja isiyo na rufaa: jozi haivunjwi. Na sheria hiyo ilikuwa na mdogo wake: hujifungi njuga mwenyewe, anakufunga jozi yako. Anakukunjia kitambaa kwenye mguu ili chuma kisikukate, anazungusha ukanda, anakaza kamba. Ukijifunga mwenyewe hukazi vizuri, kwa sababu mtu hujionea huruma. "Anayekufunga njuga," Manju alisema, "ndiye aliyekushika mguu mbele ya watu."

Jozi yangu wa kwanza aliolewa akahamia Mlimba. Nikabaki sina mtu, mpaka siku Minza alipoingia uani na ndoo ya maziwa.

Ilikuwa ile miaka ambayo Wasukuma walianza kushuka bondeni na ng'ombe wao. Yeye na mumewe walikuwa wamejenga Mchombe, na alikuwa Ifakara kuuza maziwa. Alitukuta mazoezini. Akatua ndoo, ngoma ikamwingia, mabega yakaanza kwenda. Kiuno kimetulia kama nguzo, mabega yanaruka kama maji ya moto.

"Huyo anafukuza nzi," nikasema kwa sauti, wenzangu wakacheka.

Akanitazama kuanzia juu mpaka chini. "Na wewe vipi, umekalia siafu?"

Manju akasimamisha ngoma. "Wewe mwenye maziwa, rudia."

"Nirudie nini, baba? Maneno au mabega?"

"Vyote." Akanigeukia mimi. "Mama Deo, umepata jozi. Wewe una kiuno, huyu ana mabega. Mkiunganishwa tunapata mtu mmoja mzima."

Hivyo ndivyo nilivyopata ndugu. Akaniita dada. Kila alipokuja alileta maziwa ya mgando, mimi nikampikia wali na perege. Kikundi kikiwa na kazi Ifakara analala kwangu, msimu wa kilimo mimi ninalala kwake, maana shamba langu la mpunga lilikuwa Mchombe, kama watu wengi wa mjini tunaokwenda kulima mbali. Wanawe waliniita mama mkubwa. Na mkono wake wa kufunga njuga sijaona mfano. Akishamaliza kukaza, alipitisha vidole viwili chini ya kamba kuangalia kama damu inapita. Kila mara. Hajasahau hata siku moja.

Halafu ng'ombe wakala mpunga wangu.

Ulikuwa umeanza kuinama, mwezi mmoja tu nivune. Nilifika asubuhi nikakuta upande mzima umelala, kwato kila mahali. Nilikwenda kwake naongea peke yangu njiani.

"Minza! Ng'ombe wako wamenila!"

"Dada, ng'ombe walipita njiani."

"Njiani? Mpunga wangu ndiyo njia?"

"Twende nikuonyeshe."

"Unionyeshe nini kwenye shamba langu? Mlikuja hapa mkifuata mikia ya ng'ombe, ifuateni hiyo hiyo mrudi mlikotoka!"

Wanawe walikuwa wamesimama mlangoni wanasikia. Minza akafunga khanga yake vizuri, akasema, "Sawa, Mama Deo."

Hakuwahi kuniita hivyo. Tangu siku hiyo hakunisemesha, na mimi sikumsemesha.

Lakini jozi haivunjwi. Wiki mbili baadaye kulikuwa na shughuli Ifakara, tukakaa kwenye mkeka mmoja kama mawe mawili. Nilimfunga njuga zake. Nilikaza kamba kwa makusudi, aumie. Hakulalamika. Ilipofika zamu yake nilikunja uso nikingoja anilipe. Akakunja kitambaa, akazungusha ukanda, akakaza panapotakiwa. Kisha akapitisha vidole viwili chini ya kamba.

Nilikasirika zaidi. Tulipoingia uwanjani nikatoa wimbo papo hapo:

*Nililima jua kali,*
*akavuna mwenye pembe!*

Watu wakapiga kelele, kila mkulima pale alijua ninasema nini. Wakaitikia, "Akavuna mwenye pembe!" Minza akaja mbele, mabega yanaongea, akajibu:

*Ng'ombe wangu kaniuliza,*
*njia gani yaota mpunga?*

Uwanja ukavunjika kwa kicheko. Walidhani ni utani wa kumsingizia ng'ombe. Nilidhani mimi na yeye tu ndio tuliojua kwamba si utani.

Nilisema nitafika kwenye jambo lenyewe, na sitaliruka. Kijiji kilikuwa kimeweka mapito ya ng'ombe, yana mawe yaliyopakwa chokaa, ili wafugaji na wakulima tusiuane. Mwaka ule nilikuwa na tamaa. Nililima mpaka kwenye mawe, nikayatazama, nikaendelea. Hatua sita. Nikapanda mpunga juu ya njia, mawe yakamezwa na majani. Ng'ombe walipita pale walipopitishwa siku zote. Hicho ndicho Minza alichotaka kunionyesha.

Tuliimba vijembe hivyo miaka mingi. Tukawa maarufu. Watu walitoka Kiberege kwa baiskeli kuja kutuona tukitukanana, na mimi kila mara nilishangiliwa kuliko yeye, kwa sababu mwenye shamba lililoliwa anaonewa huruma. Angeweza kuwaita watu akawaonyesha mawe. Hakufanya hivyo. Alinijibu kwenye wimbo tu, na wimbo ukiisha ananifungua njuga, anatupa kitambaa mkekani, anaondoka.

Katibu wa kikundi, mwanamke wa kanisa, alimwendea Manju. "Wapatanishe hawa, baba. Ni aibu."

"Wakipatana wataimba nini?" Manju alijibu. "Mikono yao inapatana. Midomo itafuata ikichoka."

Mara ya mwisho tulicheza Kiberege. Miguu ya Minza ilikuwa imeanza kuvimba, na mabega yalikuwa yanabeba kazi ya mwili mzima. Tulipomaliza akanifungua njuga kama kawaida. Kitambaa hakukitupa. Alikikunja mara nne, akakinyoosha kwa kiganja, akaniwekea mapajani. Kisha akaenda kupanda gari la Mlimba, linalopita Mchombe. Nilikishika kile kitambaa mpaka gari likapotea. Hakurudi tena kikundini.

Nilipewa jozi mwingine, binti mzuri, mkono mlegevu. Mbele ya mgeni rasmi njuga ya mguu wa kulia ikafunguka, ikaruka, ikaenda kutua miguuni pa Afisa Utamaduni. Watu walicheka, na mimi nikacheka nao. Siku hiyo hiyo nikamwambia Manju nimestaafu, miguu imechoka.

Yeye alikuwa ameshazeeka, anaongoza akiwa amekaa. Akasema, "Miguu yako haijachoka. Aliyekuwa anakufunga ndiye hayupo." Akafumba macho kama anayesikiliza ngoma. "Hivi yale mawe ya chokaa, yalikuwa upande gani wa shamba lako?"

Nikainama kukusanya njuga.

"Nilipita kule kwa baiskeli wiki ile ile. Niliyaona katikati ya mpunga."

"Shikamoo, Manju," nikasema, kama ndiyo kwanza namwona leo. "Mbona hukusema?"

"Nilipenda uwanja ukijaa," akasema. "Hilo ni kosa langu, nitakufa nalo. Lako bado una miguu ya kulipeleka kwake."

Siku hizi namtazama mjukuu wangu akicheza kwenye kikundi chao. Wanacheza vizuri, sina wivu. Wana spika kubwa, wana sare, dakika tatu wanazitii. Njuga wanafunga kwa lastiki, kila mtu anajivalisha kama soksi. Nilimuuliza, mwenzio yuko wapi wa kukufunga? Akasema, "Bibi, lastiki haichelewi wala haigombani na mtu." Kweli haigombani. Lakini lastiki haijawahi kupitisha vidole viwili kuangalia kama damu yako inapita. Nawaambia ninyi mnaoingia kwenye kazi hii: kiuno kinafundishika, sauti inafundishika. Tafuta kwanza wa kukushika mguu, na ukimpata, usilime njia yake.

Baada ya mavuno yaliyopita nikatia njuga kwenye kikapu, na kile kitambaa, nikapanda basi la Mchombe. Kutoka barabarani nikatembea. Nilijaribu kutembea kimya kama nilivyofundishwa, lakini magoti ya bibi hayana siri, njuga zikalia kikapuni njia nzima.

Mkwe wa Minza alinipokea. "Shikamoo, bibi. Mama yupo ndani, miguu haimtoi."

"Marahaba, mwanangu. Muache huko huko."

Nikakaa barazani, nje ya pazia. Hodi sikupiga. Ningepiga hodi ningeanza na habari za watoto na mvua, na ningeondoka nazo. Nikatoa wimbo, kwa sauti yangu hii iliyobaki:

*Nililima nikapitiliza,*
*jembe langu likala njia.*

Mkwe amesimama na sufuria mkononi. Kuku amenitazama. Nikaimba tena, na nilipofika mwisho sauti ilikatika, kwa sababu wimbo wa jozi mtu mmoja hawezi kuumaliza.

Ndani kitanda kikalia. Kisha sauti ikaitikia, nzito, ya chini:

*Likala njia.*

Pazia likasogea. Alikuja na fimbo, akajishusha kwenye mkeka polepole, mguu mmoja kisha mwingine, na njia nzima ya kushuka alikuwa ananitazama.

"Miaka yote hiyo," akasema, "ndiyo unauleta leo? Na sauti yenyewe imekuwa ya kibuyu kilichopasuka."

"Na wewe mabega yako wapi?"

"Yapo. Yalikuwa yanangoja mtu wa kumfukuzia nzi."

Nikataka kusema mengine, yale ya mikia, kwamba wanawe waliyasikia. Alikuwa ameshavuta kikapu. Akatoa njuga, akakiona kitambaa, akakikunjua kile alichokikunja mwenyewe, akakipiga piga kwenye goti kutoa vumbi.

"Dada," akasema, "leta mguu."